Nyuma ya Nyumba za Brashi

Mume wangu mtaani wanamwita Brashi, na hata mimi nikimwita jina lake halisi hageuki. Tangu ujana kazi yake ilikuwa kuchora kuta za maduka: jina la duka, kiatu kwa fundi viatu, mkasi kwa kinyozi. Asubuhi anapanda ngazi, na jioni ukuta uliokuwa umechoka unakuita uingie ununue sukari hata kama huna haja nayo.

Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango ya turubai. Mwenye duka anaagiza asubuhi, mchana bango linaning'inia. Kuta za Brashi zikafunikwa moja baada ya nyingine, naye akawa wa kukaa kibarazani. Mama yake, ambaye tunaishi naye, akamwambia basi apake japo mlango wa choo, mkono usije ukasahau.

Ofisi ya maendeleo ya mkoa ndiyo iliyomtoa kibarazani. Walichukua ghala la zamani la mbolea, wakalipaka chokaa, wakaingiza umeme, meza na kompyuta, wakatangaza kwamba wanataka michezo ya kompyuta itengenezwe hapa hapa, ichezwe hata na watu wa mbali, ili vijana wapate kazi bila kuhama. Hawakutaka wataalamu peke yao, walitaka na wachoraji, wapiga muziki na watunga hadithi. Mafunzo yalikuwa bure. Mwishoni ingekuwepo siku ya maonyesho: watakaowaridhisha wageni wangepewa chumba mle ghalani na vifaa vya kuanzia kazi, wengine wangeagwa kwa chai.

Mama mkwe alisema hajawahi kuona mtu mwenye ndevu anakwenda kusomea mchezo. Brashi alicheka, na siku hiyo hiyo akampa jirani ngazi yake. Hapo nikajua harudi nyuma. Nilikuwa na mtoto mgongoni, nikaogopa.

Walimpanga na binti mmoja anayejua hesabu za kompyuta. Brashi anachora, binti anavifanya vitu vitembee. Mchezo wao ulikuwa wa mwanamke aliyebeba kifurushi kisicho na jina, anapita mtaani kumtafuta mwenyewe. Na pale ghalani wana utaratibu wao: kabla ya maonyesho, kila mchezo hujaribiwa na mtu ambaye hajawahi kucheza, na waliouunda husimama nyuma yake, mikono mgongoni, midomo imefungwa. Haidhuru umepotea kiasi gani, hawakusaidii, maana mchezaji akiwa kwake hatakuwa na wa kumwelekeza. Brashi akanipeleka mimi.

Sikuwa nimewahi kuingia mle. Harufu ya mbolea ilikuwa bado kwenye pembe, lakini watu walikuwa kimya kama wanaswali. Mmoja alikuwa anachora mti, jani kwa jani. Mama mmoja wa makamo amefumba macho, anagonga sufuria mbele ya kinasa sauti, na hakuna aliyemcheka. Nikawaza kwamba haya yote yalikuwa yanafanyika wakati mimi nafua.

Nikakaa, mtoto mapajani. Skrini ikawaka, nikashika mdomo. Ulikuwa mtaa wetu kabla ya turubai. Kile kiatu, ule mkasi, zile herufi zake za mwisho zenye mkia mrefu, vyote vimerudi, na mimi natembea katikati yake kwa kusukuma kidole. Nikafika kwenye nyumba yenye mlango wa bluu. Mlango wa mbele ni wa wageni, kwa hiyo nikazunguka.

Nyuma hapakuwa na kitu. Peupe kama karatasi. Mwanamke wangu amesimama hewani na kifurushi chake.

"Mama wa hapa anaanika wapi?" nikauliza.

Hakuna aliyejibu, ndio utaratibu. Nikageuka, nikamwona Brashi jasho linamtoka, mikono mgongoni.

Tulipokuwa tunarudi akaniambia kwa sauti ndogo, "Mimi nachora kinachoonekana kutoka barabarani. Nani aliwahi kuniita nichore nyuma ya duka?" Binti naye hakuwahi kuzunguka, kwa sababu alijua kifurushi kinapelekwa wapi, akawa anakwenda moja kwa moja. Maonyesho yalikuwa wiki ile ile. Binti akashauri waweke uzio, mchezaji asipite, ni kazi ya asubuhi moja. Brashi akakataa.

Akahamia uani kwetu na daftari la kuchorea, amekaa juu ya ndoo. Akachora kamba ya nguo, beseni, ndala zilizopishana, nepi za mtoto. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye kigoda chake, alimwonya kwamba akimchora amchore na meno yote. Usiku binti akawa anaviingiza mchezoni, nyuma ya kila nyumba, mpaka zote zikawa na uani.

Siku ya maonyesho nilisimama ukutani. Akaja mgeni mmoja, mnene, mtu wa kununua michezo, ambaye kwenye meza nyingine alikuwa hakai. Akapita mtaani haraka haraka, akafika mlango wa bluu, akazunguka. Akatulia. Nepi zilikuwa zinapepea. Beseni lilikuwa na povu. Vitu ninavyovishika kila siku bila kuviangalia, mtu wa mbali alikuwa ameviinamia kama anasoma. Brashi na binti wamesimama nyuma yake, mikono mgongoni.

Mama wa ofisi ya maendeleo akamgusa bega, akamwuliza kama amemaliza.

"Bado," akasema. "Kuna nyumba sijaizunguka."

Akazizunguka zote. Kabla jua halijazama Brashi alikuwa na ufunguo wa chumba, ameushika mkononi, hajui auweke mfuko gani.

Wiki iliyofuata mama mkwe akataka kuonyeshwa. Tukamkalisha kitini, miwani puani, na sisi tukasimama nyuma, mikono mgongoni, na mimi pia. Akapotea, akagongana na kuta, akatutukana kidogo. Mwisho akaingia uani, akajikuta pale kwenye kigoda, meno yote yapo. Akajitazama mpaka mtoto akalala begani kwangu.

"Nani kamwacha huyu mama juani?" akauliza.

Kesho yake nilipopeleka chakula ghalani, Brashi alikuwa anachora kivuli.