Karani Aliyehitimu Mara Mia Mbili na Kumi

Hebu mwone anavyoingia. Saa mbili kasorobo asubuhi, mkoba begani, kisigino cha kiatu kimepinda kwa haraka ya ngazi, uso kaukunja hivi kwamba hata mlinzi aliyezoea kumtania akaona heri anyamaze. Huyo ndiye Mama Pacha, mwandishi wa programu katika ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vioo. Kazi alijifunza mwenyewe, wanawe wakinyonya, kitabu kimeegemezwa kwenye beseni la nguo.

Jana jioni chuo cha ushonaji kilimpigia simu. Vyeti mia mbili na kumi, vilivyochapwa kwa mfumo alioujenga yeye, vimetoka na jina moja. Si la mhitimu hata mmoja. Ni la karani aliyebonyeza kitufe cha kuchapa. Na mahafali ni kesho kutwa.

"Shemeji!" alifoka kabla hajaweka mkoba.

Bosi wake ni kaka wa mumewe. Ofisini humwita Bosi. Akiitwa shemeji mle ndani, anajua kumekucha.

"Taratibu, mama. Kuta zina masikio."

"Ziwe nayo, na macho pia! Alhamisi umegusa kazi yangu?"

"Nimeongeza mstari mmoja tu. Mmoja! Wewe mwenzangu ungeandika kumi na saba."

Ngoja nikueleze kwa nini damu ilimchemka. Si jambo gumu. Katika kiunzi cha PHP, lugha ya kompyuta wanayojengea tovuti zao, kuna upande wa jikoni, unaitwa kidhibiti: ndio unaotafuta taarifa na kuziandaa. Kuna na upande wa mezani, unaitwa mwonekano, yaani ukurasa wenyewe anaouona mtu. Kutoka jikoni kwenda mezani hupita vigeu, nawe viwazie kama mabakuli yaliyoandikwa majina: hili la jina, hili la kozi, hili la tarehe. Mama Pacha alikuwa na sheria moja, kaibandika ukutani kwa gundi: kila jiko lipeleke mabakuli yake kwenye meza yake. Inachosha, ndiyo, lakini hakuna anayekula cha mwenzake.

Bosi alitaka kila ukurasa uonyeshe, juu pembeni, jina la aliyeingia kwenye mfumo. Subira hana. Akaandika mstari unaopeleka bakuli la "jina" kwenye kurasa zote kwa mkupuo, dakika ya mwisho kabisa kabla ukurasa haujaonekana. Kumbe cheti nacho ni ukurasa, na bakuli la mhitimu nalo liliitwa "jina". Likamwagwa, likajazwa jina la karani. Bosi alitazama pembeni mwa skrini, akaona "Karibu" na jina lake linang'aa, akatabasamu kama bwana harusi. Cheti hakukifungua.

Hilo Mama Pacha angelisamehe. Nani hajawahi kukosea? Lililomtia wazimu ni kumbukumbu ya mabadiliko, ile inayoandika nani kagusa nini na saa ngapi. Jana aliifungua nyumbani, ikamwambia kuwa mstari ule kauandika yeye, Alhamisi, saa nne na dakika ishirini. Bosi alikuwa ametumia mashine ya Mama Pacha, ambayo mama huyo aliiacha wazi alipokimbilia shuleni kwa mwanawe aliyeanguka bembeani.

"Sasa sikia," Bosi akasema, sauti imegeuka asali. "Mkuu wa chuo anakuja saa tatu. Mwambie ulipitiwa. Mfanyakazi husamehewa. Kampuni ikikosea, mteja harudi."

"Na nafasi ya kufundisha kompyuta aliyoniahidi pale chuoni? Atampa mtu aliyepitiwa?"

"Nafasi ziko nyingi. Nani alikupa kazi watu wote walipokuwa wanakucheka?"

"Wewe. Ulinipa kazi, jina langu hukulinunua!"

Mkuu wa chuo alifika, mwanamke wa maneno machache. Akaweka cheti kimoja mezani.

"Karani wangu amehitimu mara mia mbili na kumi," alisema. "Aliyemhitimisha ni nani?"

Bosi akakohoa. Akafungua kumbukumbu ya mabadiliko, akamgeuzia skrini mgeni. Hakutamka neno, na hapo ndipo palipomuuma Mama Pacha kuliko pote: hata kusema uongo kwa mdomo wake mwenyewe kashindwa.

Naye akatoa simu. Alfajiri hiyo alipitia shuleni, akapiga picha kitabu cha wageni. Sahihi yake ilikuwepo, Alhamisi, kuingia saa nne na dakika tano, kutoka saa tano.

"Mashine ni yangu, na kuiacha wazi ni kosa langu, nalibeba," alisema. "Mstari si wangu. Saa sita leo utapata vyeti vyako."

Mkuu wa chuo alitazama simu, akatazama skrini, akamtazama Bosi. "Mwalimu," akamwambia Mama Pacha akiinuka, "Jumatatu usichelewe."

Mlango ulipofungwa, Bosi alisema, "Umenivua nguo mbele ya mteja."

"Ulijivua mwenyewe, shemeji. Mimi nimewasha taa tu."

Akakaa, bakuli la Bosi akalipatia jina jingine lisilogongana na la mhitimu, na vyeti vikaanza kutoka, kila kimoja na mwenyewe.

Jumapili wote wawili wanangojwa kwa mama mkwe wake, mama mzazi wa Bosi, meza moja, viti vinatazamana, na mama yule haulizi mara mbili kwa nini watu wamenuna. Hebu niambie wewe: nani aanze kumsalimia mwenzake?