Kompyuta iliandika vidole vyangu

Leo nimeuharibu wimbo wa mwisho wa mwalimu wangu, mbele ya jeneza lake.

Mwalimu wetu wa kwaya aliuacha kwenye simu, kauimba mwenyewe huku anakohoa. Familia ikaniomba niuandike, tuuimbe makaburini Mgeta.

Nikaunganisha kinanda na kompyuta. Unapiga, nota zinajiandika.

Ugonjwa wangu mnaujua: kila wimbo naupiga kwa ufunguo wa C tu. Wimbo ukiwa chini, nabonyeza kitufe kinachoushusha, vidole vinabaki palepale. Mwalimu kanigombeza miaka: "Kitufe hicho kitakuja kukuumbua."

Masikioni ulikuwa sawa. Ila kompyuta haikujua habari za kitufe. Iliandika vidole: nota za C, juu kuliko alivyoimba Mwalimu.

Sikukagua. Nikachapa nakala, nikazigawa palepale kaburini.

Kiongozi wa kwaya akatoa sauti ya kuanzia kama karatasi ilivyosema. Juu mno! Mstari wa tatu soprano wakapasuka sauti, mmoja mmoja, mpaka kimya. Waombolezaji wakadhani ni kilio.

Ndipo mjane wa Mwalimu akaanza kuimba, chini, palepale alipouimba mumewe. Tukamfuata.

Wapiga vinanda wenzangu, nisuteni tu.

Baadaye nikaenda kumwomba mjane radhi. Akanishika mkono.

"Alisema kitufe utakibonyeza tu, mwanangu. Ndiyo maana wimbo alinifundisha na mimi."