Nilisema mikufu yangu ni ya kahawa, nikanyimwa meza ya hotelini

Wakuu, poleni na majukumu. Wenye umri wa wanangu, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba.

Haya niliyaona kwa macho yangu. Chumvi siongezi, hata daktari kanikataza.

Ni miaka ya sabini, zama za Ujamaa, Uru huku juu ya Moshi. Nilikuwa mjane mwenye kihamba kidogo cha migomba na kahawa. Shanga za dukani hazipatikani, kwa hiyo kina mama tukajiongeza, tukaanza kutunga mikufu ya mbegu. Mimi nilitoboa buni za kahawa kwa sindano ya moto. Vidole vilikoma.

Yakaja maonyesho ya kazi za mikono mjini. Mshindi anapewa meza ya kuuzia kwenye hoteli wanakofikia wazungu wa kupanda mlima.

Meza ile niliitaka sana. Kijijini wateja wangu walikuwa majirani tu, tena walinunua kwa huruma.

Sasa sikieni. Bei ilipangwa na kamati, moja kwa wote. Usawa. Hupandishi, hushushi. Competition ikabaki kwenye mdomo.

Na midomo ilikuwepo! Mmoja alisema bangili zake ni meno ya chui, na meza nzima inanuka mbuzi. Mwingine alidai mkufu wake uliwahi kuvaliwa na bibi yake chifu, uzi wenyewe bado una karatasi ya dukani.

Pembeni yangu alikaa Mama Manka, jirani yangu hadi nyumbani, vihamba vyetu vimepakana. Naye alitumia buni zile zile, ila alizipaka rangi ya viatu nyeusi.

Akapita bwana wa kamati. Alikuwa amehamishiwa kwetu karibuni, kahawa aliijua ya kikombeni.

"Mama, hizi ni nini?"

"Kahawa ya shambani kwangu, ndugu."

Uso ukabadilika. "Kahawa ni zao la taifa. Inapelekwa ushirika, wewe unaivalisha watu shingoni?"

Akakusanya mikufu yangu yote. Kisha akamgeukia Mama Manka.

"Hizi ni mbegu za mti wa msituni, ndugu," akasema Mama Manka bila kupepesa. "Unaota kule juu karibu na theluji."

Meza akapewa yeye. Niliumia, nikalia mbele za watu.

Haukupita muda, asubuhi moja Mama Manka huyo mlangoni kwangu, ameshika jani la isale. Kwa wasiojua, kwetu Uchaggani ukiletewa isale unaombwa radhi, na hukatai.

Kumbe bwana wa kamati alikuwa anakuja kuuona huo mti.

"Mama Elia, nisamehe. Na leo unyamaze."

"Nimekusamehe," nikamwambia. "Lakini isale haijanituma nidanganye."

Bwana akafika. Mama Manka akampeleka kwenye mikahawa yake shambani, haina ua wala tunda wakati ule, akasema miche aliishusha kutoka msituni. Bwana akaniona, akanikumbuka.

"Haya wewe, huu ni mti gani?"

"Mkahawa, ndugu. Hata huo uliouegemea."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mama kwake kila kitu ni kahawa!"

Akaagiza kijiji kizima kipande mti ule wa msituni. Tukaitikia kwa moyo mmoja. Nani Uru anakataa kupanda kahawa?

Mama Manka alipoona ukweli wangu hauna madhara, akanikaribisha nusu ya meza yake kule hotelini. Mimi nikiulizwa nasema kahawa, yeye anasema msituni. Wazungu walibeba za msituni, wakapanda nazo mlima, wakarudi na shingo nyeusi, wakaulizia nyingine.

Nilichojifunza ni kwamba kuwa mkweli ni jambo moja, kupata wa kukuamini ni jambo jingine. Sijutii, ila ilinigharimu na bado inaniuma.

Nyie mnaouza urembo mtandaoni na "handmade" zenu, hebu semeni hapa chini, mngefanyaje?

Maana mgeni akiwa na shaka, Mama Manka alikuwa ananinyooshea kidole mimi: "Muulize huyu, hajawahi kusema uongo." Nami nasema ni kahawa. Mgeni anacheka, anamlipa yeye.