Siri ya Chumba cha Majaji

Mlio wa kengele ndogo ya shaba. Karani aliigonga mara moja tu, mlango ukafunguliwa, majaji watatu wakaingia.

Athanase aliusikia mlio huo kwa miaka tisa katika Mahakama ya Rufaa ya mkoa wao, mashariki ya Congo. Kuufikia kulimchukua miaka kumi na minne. Baba yake alikuwa fundi viatu. Yeye alisoma sheria, akaanza kama mwendesha mashtaka mdogo katika mji usio na gereza, ambako washtakiwa walilala kwenye stoo ya kahawa na asubuhi wakaletwa mbele yake wakinukia vizuri kuliko yeye. Kisha akawa hakimu wa wilaya, kisha jaji wa mkoa, kisha wa rufaa.

Sasa ana miaka sitini na mmoja, naye analinda magari kwenye maegesho ya duka moja la Glenwood, mtaa wa Durban, Afrika Kusini, amevaa fulana inayong'aa. Wenzake wanamwita Zuzi, yaani jaji, kama wanavyosema Wakongo.

"Zuzi," humwambia Gadiel, Mtanzania anayelinda upande wa pili, "ile Toyota imekanyaga mistari miwili. Ihukumu."

"Sijamsikiliza mwenyewe."

"Eish. Ndiyo maana kesi zenu haziishi."

Jumanne moja Athanase hakwenda kazini. Ombi lake la ukimbizi lilikuwa limekataliwa mwanzo, na asubuhi hiyo rufaa yake ingesikilizwa. Akikataliwa tena, karatasi zingechukuliwa, na nchi aliyoikimbia ingekuwa ndiyo nchi pekee iliyobaki.

Katika chumba chao cha mtaa wa Point, mkewe Marie-Louise alimpigia shati pasi juu ya kitanda.

"Leo utasema yote, Baba Glody."

"Nitasema."

"Hata ile."

Athanase alivuta mkono wa shati kuona kama umenyooka.

"Miaka saba nimeishi na wewe na ile," alisema Marie-Louise. "Mimi sikuomba uniambie. Lakini wale watu wa leo, waambie."

Chumba cha rufaa kilikuwa kidogo, chenye feni moja na meza ndefu. Mwenyekiti, mama mwenye miwani na sauti ya upole, alikuwa amelisoma jalada lote. Athanase alilijua hilo kwa jinsi alivyogeuza karatasi bila kutafuta. Nasibu, mkalimani, alikaa kati yao. Marie-Louise aliruhusiwa kukaa nyuma.

Maswali ya kwanza yalikwenda vizuri. Alisoma wapi, aliapishwa lini, nani alimtangulia katika kiti chake. Akajibu, na mgongo wake ukanyooka wenyewe.

Kisha mwenyekiti akafika kwenye kesi yenyewe. Mwalimu mmoja alihukumiwa miaka ishirini kwa kula njama dhidi ya gavana. Alikata rufaa, na mahakama ya akina Athanase ikamwachia huru. Siku nne baadaye watu wenye bunduki waliivunja nyumba ya Athanase, naye alikuwa amekwisha kuondoka kwa mlango wa jikoni.

"Mlikuwa majaji watatu," Nasibu alitafsiri. "Ili kumwachia, zilihitajika kura mbili. Mzee, Mama anauliza: wewe ulipiga kura gani?"

Athanase aliweka viganja mezani. "Mama anisamehe. Majaji wanapojifungia kuamua, yanayosemwa mle hayatoki. Tuliapa."

"Anasema anakiheshimu kiapo chako. Lakini wenzako wawili hawakuguswa. Bado ni majaji. Anataka kuelewa kwa nini walikuja kwako tu."

"Walisikia kwamba ni mimi."

"Na ni kweli?"

Feni ilizunguka. Nyuma, kiti cha Marie-Louise kililia.

Neno moja lilitosha. Ndiyo. Lilikuwa limefika mdomoni, na mwenyekiti alikuwa amekwisha kushika kalamu kulipokea. Athanase aliitazama ile kalamu. Maisha yake yote aliwatazama watu wakiwa mbele ya kalamu kama hiyo, na mara nyingi aliwaonea huruma waliosema harakaharaka.

"Anasema atauliza tena, kwa sababu ni muhimu kwako," alisema Nasibu. "Kama ulimwachia mwalimu, sema. Na kama ulimwachia, mwenzako mmoja alikubaliana nawe. Ni yupi? Akiwapo anayeweza kuthibitisha, rufaa yako inapata miguu."

"Baba Glody," alisema Marie-Louise.

Mwenyekiti aliinua mkono kumzuia, bila ukali.

Akilini Athanase aliwaona wale majaji wenzake wote wawili. Mmoja alikuwa na ugonjwa wa sukari, alificha biskuti kwenye mfuko wa joho. Wa pili alikuwa na binti wanne. Kila mmoja, alivyosikia kwa simu, alikuwa amewaambia wakubwa: si mimi, ni yule aliyekimbia. Na kila aliyejua kuhesabu hadi tatu alijua kwamba angalau mmoja wao anadanganya, ila hakujua yupi. Jibu la leo lingeandikwa, lingepigwa muhuri, lingewekwa jaladani. Naye alijua majalada husafiri. Aliwahi kuwafunga watu kwa karatasi zilizotoka mbali kuliko Durban.

"Mzee," Nasibu alinong'ona kwa Kiswahili tu, nje ya kazi yake, "sema basi. Hata lako tu."

"Langu ndilo la kwanza. Baada yake atauliza la pili."

"Anasubiri."

Athanase aligeuka akamtazama mkewe, muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa mbele ya mahakama yoyote. Macho ya Marie-Louise yalikuwa yamejaa, lakini hakuangalia pembeni. Kisha Athanase akamgeukia mwenyekiti, akainama kidogo, na kwa sauti iliyomlazimu Nasibu kusogeza kiti ndipo aisikie, akasema:

"Mwambie Mama aandike kwamba sikujibu."