Waridi Mkononi mwa Mama

Wiki jana, katika duka la manukato mjini Nyeri, msichana muuzaji alinipaka tone la mafuta ya waridi mkononi. "Ngoja kidogo," akasema. "Kwa ngozi ya mtu yeyote inabadilika hivi. Saa hii ni waridi, halafu harufu ya udi inatokea." Ikatokea, kama moshi wa kuni mbichi, na hasira ikanipanda palepale.

Harufu hiyo niliijua. Nilikuwa mdogo, tumetoka kijijini Tetu na mama kuuza maziwa mjini, akasimama kwenye kibanda kimoja mtaani Majengo kutafuta mafuta ya kujipaka siku ya harusi ya dada yake. Muuzaji alimpaka kidogo. Mwanzoni ilikuwa harufu tamu ya waridi, kisha ule moshi ukaja. Mama akauliza kama mafuta yameharibika.

"Mafuta yangu haina shida," mwanamume yule akajibu kwa sauti, wateja wote wasikie. "Ni ngozi yako, mama. Imejaa ng'ombe."

Watu wakacheka. Mama akaficha mkono ndani ya sweta. Nami nikaamini kwamba ngozi yetu huharibu vitu vizuri. Njia nzima ya kurudi nilikataa kumshika mkono.

Ati ng'ombe! Alijua, mshenzi yule. Mafuta hayo aliyauza kila siku.

Nilinunua chupa, nikampelekea mama, nikamweleza yote. Aliinusa, akatabasamu, akanipaka mimi. Mkono wake akaurudisha ndani ya sweta.