Ukuta Uliokunywa Baridi

Fundi anaumwagia maji ukuta wa nyumba ya nyanya yangu ili vumbi lisiruke akiubomoa, na harufu ya udongo uliolowa imejaa uani.

Ulikuwa mnene kuliko urefu wa mkono wangu wa utotoni. Nyanya aliacha madirisha wazi usiku kucha, kisha alfajiri akafunga kila kitu, hata mlango. "Ukuta umekunywa baridi," alisema. "Mchana utatugawia."

Siku moja aliniachia ndugu yangu mchanga, mwili mzima harara, amelala kando ya ukuta huo. Saa saba mchana nikamhurumia, nikafungua madirisha yote apate upepo. Mtoto akaamka akipiga mayowe. Nyanya akaja mbio kutoka shambani, jembe mkononi.

"Wewe! Umeniingizia joto la Voi nzima ndani! Nani alikudanganya jua hili lina upepo?"

Leo mtoto huyo ana kitambi, na ndiye aliyeshikilia kwamba nyumba ya udongo inatuaibisha. Nimebishana naye hadi nimechoka. Sasa anapaza sauti kutoka chumba chake kipya cha bloku na mabati:

"Dada, ile feni ingine iko wapi? Huku tunaiva!"