Wimbo wa Kumwingiza Catheline

Fundi wa muziki aliyepanga chumba chetu cha uani ana vidole vyembamba visivyotulia; vinapiga mdundo hata ukingoni mwa sahani ya wali. Nilimwagiza wimbo wa kompyuta wa kumwingiza binti yangu Catheline ukumbini siku ya sherehe yake, nikamwambia mwisho Jumatano. Kila nikimuuliza, anateremsha hedifoni shingoni taratibu.

"Mama, mzuka wa kutunga haujapanda."

"Mpunga nao ungesubiri mzuka, hapa Kyela tungekula nini? Sherehe ni Jumamosi."

Leo Ijumaa nimempelekea chai, nikausikia wimbo nikiwa mlangoni, umekamilika, na jina la Catheline limo. Aliponiona akauzima.

"Bado, mama. Watu wakiucheka je?"

Nikatoa simu yangu. "Nirushie sasa hivi, nianze mimi kucheka."